Tusipokee programu huria tusiyoweza kuijenga wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini mwisho wake humfikia mgonjwa aliyesimama dirishani akisubiri faili lake, na humfikia pia mlipakodi ambaye fedha zake ndizo zinazonunua mifumo ya umma. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukisikia pongezi kwa taasisi zinazohamia kwenye programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake chanzo uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa kwa wengine. Pongezi hizo naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu programu hizo ndizo zilizonilea katika ufundi wangu. Kinachonisumbua ni kwamba tumeridhika na kuambiwa kuwa msimbo uko wazi, bila kuuliza swali linalofuata: ni nani hapa kwetu anayeweza kuuchukua msimbo huo, kuujenga ukawa programu inayofanya kazi, na kuisimika programu hiyo kwenye seva mahali pa ile ya zamani? Kama hayupo, basi leseni imetupa haki ambayo hatuna mikono ya kuitumia.

Mwaka juzi niliitwa kusaidia katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lililotokea pale lingeweza kutokea popote. Mapokezi walikuwa na programu ya kusajili wagonjwa iliyoletwa na mkandarasi miaka michache kabla. Ilikuwa nyepesi na ya haraka, ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: ilikataa majina yenye ng'. Mgonjwa akiitwa Mang'ula, au akitaja kwamba anatoka Nyang'hwale au King'ori, karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi skrini ilitoa mstari mwekundu wa Kiingereza, na taarifa zote alizokwisha kuandika zikapotea. Mama aliyekuwa dirishani, mtu mzima aliyebakiza muda mfupi astaafu, alinionyesha kaunta buku ambamo alikuwa ameyaandika kwa mkono majina yote yaliyokataliwa, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko uliotulia.

"Mama, umeanza lini kuyaandika humu?" nikamuuliza.

"Tangu mfumo ulipokuja, mwanangu. Waliniambia niondoe hiyo alama, niandike Mangula. Lakini Mangula ni watu wengine."

Alikuwa amesema kweli tupu. Kwa kufuata ushauri ule, majalada ya wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana yalikuwa yamekwisha kuchanganywa, na jambo hilo lilifahamika pale daktari alipomhoji kijana mdogo kuhusu dawa za kisukari ambazo hajawahi kuzitia mdomoni.

Chanzo cha ugonjwa huo kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Programu ilihifadhi kumbukumbu zake katika kanzidata ya PostgreSQL, na aliyeiandika alikuwa akiunganisha amri ya kanzidata na jina la mgonjwa kama mtu anayegundisha vipande vya karatasi. Katika lugha ya kanzidata, maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama ile ile tunayoitumia kuandika ng', yaani ritifaa. Kwa hiyo kanzidata ilipofika kwenye Mang' ilihesabu kwamba jina limekwisha, ikakutana na "ula" isiyoeleweka, ikagoma. Dawa yake inajulikana siku nyingi: jina lipelekwe peke yake kando ya amri, na maktaba ya PostgreSQL, yaani mkusanyiko wa msimbo ambao programu nyingine huutumia, ina kazi maalumu iitwayo PQexecParams kwa shughuli hiyo hiyo. Ni marekebisho ya mistari michache. Naomba niongeze kwamba kasoro ya namna hii haiishii kwenye majina, kwani mhalifu anaweza kupita humo humo akaiamuru kanzidata ifanye atakalo, afute majalada au ayasome. Ritifaa ya watu wa Mang'ula ilikuwa imetuonyesha tundu ambalo lingetuumiza vibaya zaidi.

Mkataba wa mkandarasi ulikuwa umekwisha na simu yake haikupokelewa tena. Hata hivyo programu yenyewe ilikuwa huria, chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na msimbo wake wote ulipatikana kwenye intaneti. Kijana mmoja tuliyekuwa naye aliupakua, akausoma, akauona mstari wenye kosa siku ile ile kabla ya saa ya chai. Mtu angedhani kazi imekwisha. Ilituchukua siku 19 mpaka programu iliyorekebishwa ikaanza kufanya kazi mapokezi, na katika siku hizo ritifaa ilikula asubuhi moja tu. Zilizobaki zililiwa na kutojua kwetu namna ya kuijenga programu kutoka kwenye msimbo wake.

Naomba msomaji asiye fundi anivumilie kidogo hapa, kwa maana hapa ndipo penye kiini. Msimbo chanzo ni maandishi yanayosomwa na binadamu, yamegawanywa katika mafaili mengi, wakati mwingine maelfu. Kompyuta haiwezi kuyatekeleza jinsi yalivyo. Kompaila huyasoma faili moja moja na kutoa vipande vya msimbo wa mashine, kisha vipande hivyo huunganishwa pamoja na maktaba ambazo programu inazitegemea, na kinachotoka ndicho kinachoendeshwa. Kwa programu zilizoandikwa kwa lugha za C na C++ katika mazoea ya Unix, mfumo endeshi wa tangu zamani, shughuli hiyo kwa kawaida ina amri tatu ambazo kila fundi amewahi kuzisikia: ./configure, inayochunguza kompyuta ili kuona ina nini na imekosa nini, make, inayokompaili, na make install, inayonakili matokeo hadi mahali pake, ambapo usipopataja huwa ni ndani ya /usr/local. Ukiziandika kwenye karatasi ni mistari mitatu, na sisi tulikwama njia nzima.

Seva haikuwa na kompaila, jambo ambalo ni la kawaida na pengine ni la busara, kwa hiyo tuliitoa stoo kompyuta ya zamani, tukaiwekea Debian, mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux, ya toleo lile lile la seva, na kifurushi cha build-essential chenye kompaila. Tukaita ./configure. Ikatiririsha mistari yake, "checking" baada ya "checking", kisha ikasimama ghafla ikisema haioni libpq-fe.h. Tulikuna vichwa, kwa sababu maktaba ya libpq, ile ya PostgreSQL, ilikuwapo, na faili la libpq.so.5 tuliliona kwa macho yetu. Siku mbili zilipita tukiiondoa na kuirudisha maktaba hiyo, kila mara tukiambulia patupu. Kumbe Debian huigawa maktaba mafungu mawili: libpq5 ni ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa, na libpq-dev ndiyo yenye mafaili ya vichwa, ambayo kompaila huyasoma ili ijue maktaba ina kazi zipi na zinaitwaje. Mtu aliyewahi kujenga programu tatu tu maishani mwake analijua hili kama anavyojua njia ya kwake: akiona malalamiko ya jina linaloishia na .h, anatafuta kifurushi kinachoishia na -dev. Sisi watu watatu, wenye vyeti na miaka mingi ya kufunga mitandao, hatukulijua.

Kisha make. Tuliipa -j8 kwa pupa, tukitaka ikompaili mafaili manane kwa mpigo kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Kompaila ya C++ inakula kumbukumbu nyingi sana, na mfumo endeshi ulipozidiwa ukaiua katikati ya kazi. Sisi tuliona neno Killed bila maelezo mengine, tukaamini msimbo una kasoro, tukaanza kuwasiliana na watu wa mbali tusiowajua. Kwa -j1 ilipita, polepole, bila malalamiko yoyote. Nia yetu wakati huo ilikuwa kuhakikisha kwanza kwamba msimbo wa awali unajengeka kabla hatujagusa ritifaa, na hilo nadhani ndilo jambo pekee tulilolifanya sawasawa tangu mwanzo.

Tukiwa tumefika mwisho mwisho, umeme ukakatika. Kwa kawaida make haipotezi kazi iliyokwisha kufanyika. Hulinganisha muda wa faili la msimbo na muda wa kipande kilichotokana nalo, ikakompaili kile tu ambacho chanzo chake ni kipya kuliko matokeo yake, na ndiyo maana umeme ukirudi unaweza kuiita tena ikaendelea pale ilipoachia. Make iliandikwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell Labs mwaka 1976, baada ya mwenzake kupoteza muda mwingi akitafuta kosa katika programu ambayo alikuwa amekwisha kuirekebisha, ila faili lililorekebishwa halikuwa limekompailiwa upya. Karibu nusu karne baadaye, sisi tulitumbukia katika shimo lile lile tukitokea upande mwingine. Kompyuta yetu ya stoo ilikuwa na betri ya saa iliyokufa, na hatukuwa tumeiunganisha na mtandao, kwa hiyo iliamka ikiwa imerudi nyuma zaidi ya mwaka mzima. Kijana akaingiza marekebisho yake, na faili likapata tarehe ya mwaka uliopita. Make ikalinganisha, ikaona kwamba kipande ni cha mwaka huu na msimbo ni wa mwaka jana, ikahesabu kwamba hakuna jipya la kukompaili. Ilitoa onyo kwamba kuna mafaili yenye tarehe za siku zijazo, nasi tukalipita onyo hilo kama tulivyozoea kuyapita maonyo yote. Tukasimika. Tukamwita Mama stoo, akaketi, akaandika Mang'ula, na mstari mwekundu ukarudi vile vile.

Siku nne tuliukagua msimbo ambao haukuwa na kosa lolote. Aliyetutoa ni Mama mwenyewe. Tulimwomba asajili jina lisilo na ng' ili tuone kama mengine yanafanya kazi, kadi ikachapwa, akaisogeza karibu na miwani yake. "Wanangu, mbona kadi inasema ni mwaka jana?" Tulirekebisha saa, tukafuta vipande vyote kwa make clean, tukajenga upya tangu mwanzo, na jina la Mang'ula likaingia kwenye kanzidata na ritifaa yake. Kwenye seva tulikwama tena kwa siku mbili, kwa sababu programu mpya ilikuwa imekwenda /usr/local/bin ilhali huduma iliyoandikishwa kuwaka na seva ilikuwa ikiita ile ya zamani iliyoko /usr/bin. Sitaieleza hiyo kwa kirefu, kwa kuwa ni uzembe wetu wa kutosoma faili moja fupi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya vikwazo hivyo kilichohitaji akili za ajabu. Kila kimoja kingetatuliwa kwa dakika chache na mtu aliyewahi kuijenga programu ile mara moja, na mtu huyo angekuwapo kama siku ya makabidhiano taasisi ingedai programu ijengwe mbele yake. Tulichokabidhiwa siku hiyo, kwa maelezo ya waliokuwapo, ni programu iliyokwisha kukompailiwa ndani ya flashi na kitabu cha maelekezo chenye picha za rangi. Msimbo haukuletwa. Hati ya kujengea haikuletwa. Waliosaini walisaini kwa nia njema, wakijua kwamba wamepokea programu huria.

Hapa leseni yenyewe iko upande wetu kuliko wengi wanavyofahamu. GPL toleo la 2, iliyotolewa Juni 1991, katika kifungu chake cha 3 inamtaka anayegawa programu iliyokompailiwa aambatanishe msimbo chanzo kamili unaolingana nayo au ahadi ya maandishi ya kuutoa, na inafafanua kwamba msimbo kamili unajumuisha pia hati zinazotumika kuongoza ukompaili na usimikaji wa programu. Walioiandika walielewa, zaidi ya miaka 30 iliyopita, kwamba msimbo usio na njia ya kuujenga ni nusu ya msimbo. Toleo la 3 la mwaka 2007 lilikwenda mbali zaidi kwa vifaa vya matumizi ya nyumbani, likataka mwenye kifaa apewe na maelezo ya kumwezesha kusimika toleo alilolirekebisha mwenyewe. Kwa hiyo afisa manunuzi anayedai hati za kujengea kwa programu ya GPL anadai kilicho chake. Leseni nyingine, kwa mfano ile ya BSD ambayo DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo inaitumia, hazimlazimishi mgawaji kiasi hicho, na hapo inabidi mkataba wetu wenyewe useme kile ambacho leseni haikukisema. Ikumbukwe kwamba DHIS2 ndiyo inayobeba takwimu za afya za Tanzania na Kenya.

Najua watakaoniambia kwamba siku hizi hakuna haja ya kukompaili, kwamba Debian na Ubuntu zina makumi ya maelfu ya vifurushi vilivyokwisha kujengwa na kutiwa saini, na kwamba apt, programu inayovisimika vifurushi hivyo, inamaliza kila kitu. Kwa matumizi ya kila siku wana haki, na mimi mwenyewe sijengi kwa mkono kile ninachoweza kukipata kwenye kifurushi. Anayejijengea amejitwika mzigo wa kufuatilia matoleo mapya, kwa sababu kilichosimikwa /usr/local hakiguswi na apt. Kasoro ya usalama ikitangazwa kesho, vifurushi vitapata viraka vyake na chako kitabaki kilivyo mpaka ukikumbuke. Ndiyo maana nawasihi vijana wanaonisikiliza waweke daftari la kila walichokijenga: toleo gani, lini, kwa chaguo zipi za ./configure, na mafaili yamekwenda wapi, maana make uninstall haipo katika kila mradi. Lakini mfumo wa hospitali, wa halmashauri au wa shule mara nyingi haumo katika ghala la Debian. Umeandikwa au umerekebishwa kwa ajili yetu, na apt haiwezi kuturudishia kile ambacho haikuwahi kuwa nacho.

Wapo pia watakaosema kwamba kujenga kutoka kwenye msimbo ni salama zaidi, kwa kuwa unajua ulichokiweka. Naomba tusijidanganye hapo. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa wasanidi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili inayopatikana karibu katika kila kompyuta ya Linux, yalikuwa yametegewa mlango wa siri. Alikuwa ameona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, naye hakukubali kuipuuza nusu sekunde hiyo. Sumu ilikuwa imefichwa ndani ya mafaili yaliyoonekana kuwa ya majaribio tu, na mstari wa kuifungua ulikuwa katika hati za kujengea zilizomo kwenye furushi la kupakua, wakati hazina ya msimbo iliyosomwa na watu wote haikuwa na mstari huo. Yaani programu ilitiwa sumu wakati wa kujengwa. Aliyefanya hivyo, kwa jina la Jia Tan, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani kwa msimamizi wa mradi, mtu mmoja aliyekuwa akiubeba mzigo huo bila malipo.

Mimi nalisoma tukio hilo kama sababu ya kujifunza zaidi. Wahalifu waliichagua hatua ya kujenga kwa sababu ndiyo inayosomwa na watu wachache mno, hata katika nchi zilizotutangulia. Mtu anayeita ./configure bila kujua kwamba ni hati inayoweza kufanya lolote kwa mamlaka ya aliyeiita, tena akiiita kwa sudo, amri inayotoa mamlaka ya juu kabisa, pasipo sababu, yuko hatarini kuliko anayetumia kifurushi. Nawaambia vijana wajenge wakiwa watumiaji wa kawaida, kwa chaguo la --prefix linaloelekea kwenye folda yao wenyewe, na mamlaka ya juu yatumike mwishoni kabisa, kwenye make install peke yake na pale tu inapolazimu. Walinganishe alama ya sha256 ya furushi walilopakua na ile iliyotangazwa na mradi, wakikumbuka kwamba alama hiyo inathibitisha kuwa furushi halikubadilishwa njiani, na haisemi neno lolote kuhusu nia ya aliyelifunga. Debian wenyewe wana kazi ya miaka mingi ya kuhakikisha kwamba msimbo ule ule ukijengwa na watu wawili kwenye kompyuta mbili, mafaili yanayotoka yalingane biti kwa biti, ili atakayeingiza kitu pembeni aonekane. Sioni sababu ya kuwaacha wanafunzi wetu nje ya kazi ya namna hiyo, kwa kuwa mahitaji yake ni kompyuta, subira na macho.

Wala sisi si wageni kabisa katika haya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ambapo Mswahili aliweza kufungua programu ya kuandikia barua na kukuta menyu zote kwa lugha yake. Maneno yale ya Kiswahili yaliweza kuingia mle kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na walikuwapo watu wa kuufanyia kazi. Eldoret nayo imo katika mizizi ya OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Inaniuma kuona kwamba miaka 20 baadaye tunao vijana wengi zaidi, kompyuta bora zaidi na intaneti nafuu zaidi, lakini mhitimu wa stashahada anaweza kumaliza masomo akiwa amekompaili mazoezi ya faili moja tu, ya kuchapa jina lake kwenye skrini, na hajawahi hata siku moja kuchukua mradi wa watu wengine wenye mafaili mia tano na kupambana nao mpaka ukajengeka.

Kwa vyuo, basi, ombi langu ni dogo na halihitaji fedha za wafadhili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe msimbo chanzo wa PostgreSQL, ambao furushi lake halizidi megabaiti 30 na linaweza kunakiliwa kwa flashi darasa zima bila kuunguza bando la mtu yeyote. Aujenge kwenye kompyuta dhaifu, ausimike kwenye folda yake, auwashe, kisha abadilishe neno moja katika ujumbe wowote, ajenge tena, na aone neno lake likitokea. Mwalimu asimpe orodha ya vifurushi vya -dev, amwache aitafute. Na umeme ukikatika katikati ya zoezi, mwalimu ashukuru, maana hapo ndipo mwanafunzi atakapouliza make inajuaje pa kuendelea.

Kwa taasisi za umma, na hapa nawalenga hasa wanasheria na maofisa manunuzi wanaoandaa mikataba ya mifumo, naomba kiongezwe kifungu kimoja katika kila mkataba wa programu huria, na kwa kuwa najua ugumu wa kuanza kuandika, natoa maneno yake hapa ayachukue anayetaka: "Kabla ya malipo ya mwisho, mfumo utajengwa kutoka kwenye msimbo chanzo wake katika ofisi ya mnunuzi, kwenye kompyuta isiyo na kitu kingine zaidi ya mfumo endeshi, na mtumishi wa mnunuzi, kwa kufuata maelekezo ya maandishi peke yake, na mtu wa mkandarasi hatagusa kibodi. Programu itakayotokana na zoezi hilo ndiyo itakayosimikwa kwenye seva. Jina la kwanza kusajiliwa katika majaribio litakuwa lenye ng'."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Morogoro